Siku Anodi Ilipoimba Bwaise

Nikiogopa, mimi hucheka. Sizungumzii tabasamu la adabu. Ni kicheko chenyewe, cha mabega na machozi, na hakijawahi kuniletea heri. Nilicheka ndani ya chumba cha mtihani nikatolewa nje. Nilicheka siku nilipoposwa, na kijana wa watu akaondoka akidhani nimemkataa, kumbe nilikuwa natafuta pumzi ya kumwambia ndiyo. Alirudi baada ya wiki mbili, Mungu ambariki, na sasa ndiye baba wa watoto wangu.

Basi asubuhi moja ya Jumatano, mimi fundi wa mashine za hospitali nilipofungua kisanduku cha bati nyuma ya mashine ya eksirei katika kliniki moja ya Bwaise, Kampala, nikakuta tope limekauka juu ya transista zote na mzoga wa mjusi umelala katikati kama ndiye fundi wa zamu, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Aliyesimama juu yangu hakuwa ananijua. Alikuwa mpiga picha za eksirei wa kliniki, mzee mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, akastaafu, na mtaa mzima ulimwita Afande.

"Binti," akasema, "hii ni kitu ya kucheka?"

"Hapana, Afande. Imekufa kabisa."

"Sasa wewe nacheka nini?"

Nikamwambia ni mafua. Hakuniamini, lakini alinyoosha mkono akaniinua.

Wiki mbili kabla ya hapo mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya Bwaise hayapigi hodi. Afande alikuwa ameinua kila kitu juu ya matofali kwa mikono yake: meza, kompyuta, aproni nzito za madini ya risasi, za kuzuia miale. Kisanduku hicho kimoja tu kilikuwa kimefungwa kwa skrubu ukutani, karibu na sakafu, na aliyekifunga pale nadhani hakuwahi kuona mvua. Mashine yote ilikuwa nzima. Tyubu, ambayo ndiyo roho yake, ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kisanduku cha kuzungusha anodi, na bila kuzungusha anodi hupigi picha hata ya sisimizi.

Nieleze, maana hapa ndipo ninapopenda kuelezea mpaka watu wananikimbia harusini. Ndani ya tyubu ya eksirei kuna kisahani cha chuma kizito, ndicho anodi. Umeme mkali hurushwa ukakipiga ukingoni, na hapo ndipo miale huzaliwa. Lakini pigo lile lina moto wa kutisha. Umewahi kumwona muuza rolex wa Wandegeya, ile chapati ya kukunjwa na mayai, akigeuzageuza chapati juu ya bamba? Akiiacha mahali pamoja, imeungua. Anodi ni hivyo hivyo: lazima izunguke, tena kwa kasi ya wazimu, ili moto usipate mahali pa kukaa. Ikisimama wakati umeme unapiga, inatoboka, na tyubu imekwenda. Na tamu yenyewe ni hii: kisahani kimo ndani ya kioo kisicho na hewa, na hakuna mota inayokifikia. Kinavutwa na sumaku ya nyaya zilizo nje ya kioo, na nyaya hizo zinalishwa na kisanduku changu, ambacho huchukua umeme wa ukutani, kikaunyoosha, kisha kikaukatakata upya kuwa mawimbi ya haraka mara tatu ya yale ya kawaida. Kila nikifikiria hivyo nasikia kizunguzungu kitamu. Mume wangu anasema hakuna mke mwingine Kampala anayeota kuhusu mawimbi.

Mwenye kliniki alikuwa nesi, mjane wa polisi, mama wa maneno machache. Tulimwita Sista. Siku hiyo aliingia chumbani, akatazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Inapona?"

"Hii haiponi, Sista. Lakini naweza kutengeneza nyingine."

"Lini?"

"Jumamosi," nikasema. Kiherehere changu hicho. Fundi mwenye akili angesema wiki tatu.

Sista akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema sawa, Jumamosi, kwa sababu Jumatatu chumba hiki kinakuwa duka la vipodozi. Mpangaji amekwisha kukiona. Mashine itauzwa kwa vyuma chakavu. Hakusema kwa ubaya. Chumba kilichokaa bure ni mzigo, na yeye alikuwa na kliniki nzima ya kubeba. Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ilitenganishwa na kliniki na ukuta mmoja tu, alikuwa tayari amepima dirisha ili alitie vyuma vya kuzuia wezi. Tulimsikia akikata.

Afande alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza ya wagonjwa, toka kichwani hadi miguuni, halafu akairudia.

Baba yangu ni fundi magari wa Kisenyi, na babu zetu walikuja nchi hii kama askari wa Kinubi, kwa hiyo nyumbani kwetu mambo mawili hayachezewi: swala na spana. Nilibeba kisanduku changu hadi gereji yake, nikafukuza vipuri vya gia mezani, nikaanza. Sikuwa na muda wa kuagiza chochote kutoka nje. Lakini Kisenyi ni mji wa vinu vya mahindi, na vinu vya siku hizi vina inveta, kidude cha kuendesha mota kwa kasi unayoitaka. Mota ni mota, nikajiambia, hata kama imo ndani ya kioo. Nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisomali, mtu mpole, nikamwomba inveta ndogo inayoweza kufika mawimbi ya kasi.

"Kinu cha mahindi au mtama?" akauliza.

"Cha mifupa."

Akarudisha kidude kwenye rafu polepole sana. Ilinibidi nimchoree tyubu nzima kwenye boksi la sabuni ndipo akanipa, na mpaka leo nikipita dukani kwake huniuliza habari za mifupa.

Alhamisi nzima nilikuwa roho juu juu. Nilisahau kula, baba alinilisha sambusa kwa mkono huku nikishika nyaya, kama mtoto. Anodi haitaki kubembelezwa. Inataka msukumo mmoja mkubwa wa sekunde moja hivi, kisha upunguze umeme ili nyaya zisichemke, uiache iteleze. Yote hayo unayaandika ndani ya inveta, namba baada ya namba. Kisha kuna mlinzi: swichi ndogo inayopima kama kweli umeme unapita kwenye nyaya za kuzungusha. Ukipita, taa ya kijani inawaka, na mashine inakuruhusu kupiga picha. Usipopita, mashine inagoma. Mlinzi huyo alinisumbua wakati wa majaribio, akigoma kila dakika, nikamzunguka kwa kipande cha waya, akawa anaona umeme hata usipokuwepo. Ni jambo la kawaida. Kila fundi hufanya.

Ila gerejini kwetu kuna sheria. Baba alishawahi kusahau waya wa namna hiyo ndani ya gari la mtu, na tangu siku hiyo waya wowote wa muda lazima ufungwe kitambaa chekundu, kirefu, kibaya, kinachoning'inia nje ili kifuniko kikatae kufunga. Mimi siku hiyo nilitumia kijiwaya kifupi, kizuri, kilichokaa sawasawa. Nilikipenda kilivyokaa.

Ijumaa nilikifunga kisanduku kipya ukutani, juu, usawa wa kifua, na maji yaje yakitaka. Umeme mkali wa picha tuliuzima kabisa. Tulitaka kuzungusha tu. Nikachukua bisibisi ndefu ya baba, nikaweka ncha yake kwenye ganda la tyubu na mpini sikioni. Ndivyo mafundi wa Kisenyi wanavyosikiliza beringi za injini, na sioni kwa nini mashine ya hospitali ijione bora. Nikabonyeza.

Kwanza ilikuwa mbu. Kisha mbu akapanda, akapanda, akawa sauti moja nyembamba, safi, iliyonyooka, nami nikaanza kuruka pale pale na bisibisi sikioni. "Inazunguka! Afande, inazunguka!"

"Wacha na mimi nasikia."

Nikampa. Akaweka sikio, akafumba macho. Uso ule wa jeshi ukalegea wote.

"Inaimba," akasema. "Ile ile."

Nikaachia kitufe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesahau breki. Anodi ikiachwa ipungue yenyewe, hupita kwenye kasi moja mbaya ambapo kila kitu hutetemeka, na ilipoifikia kasi hiyo, tyubu, nguzo na meza vikalia kwa pamoja kwa sauti ya sufuria mia zikianguka ngazini. Sista alitoka ofisini mbio, mkoba kwapani, hadi barabarani. Alisimama ng'ambo akitutazama kupitia dirisha, nami nilicheka mpaka nikashika ukuta. Afande naye akacheka. Sikuwa nimejua kwamba anaweza.

Niliandika breki: mshipa wa umeme ulionyooka unaoikamata anodi na kuipitisha haraka kwenye kasi ile mbaya. Baada ya hapo tuliizungusha na kuisimamisha labda mara ishirini, tukipokezana bisibisi, na hakuna hata mara moja iliyokuwa ya lazima baada ya ile ya tano. Ilikuwa raha tu.

Katikati ya raha hiyo Afande aliniambia, bila kunitazama, kwamba asipokuwa na chumba hiki itabidi arudi kaskazini kwa mdogo wake. Mdogo wake ni mtu mzuri, mke wake pia mzuri. "Lakini kule mimi nitakuwa mgeni wa kukula tu," akasema. "Asubuhi nakaa. Jioni nakaa. Wanasema, Mzee, wewe pumzika. Mimi sitaki kupumzika." Nikamwahidi itafanya kazi. Niliahidi kwa sauti kubwa mno.

Jumamosi nilipitia sokoni Wandegeya nikanunua mguu wa mbuzi, maana picha ya kwanza hupigi mtu. Tukaulaza mezani, juu ya bamba la kupokea picha. Sista alikuja kusimama nasi nyuma ya ukuta wa risasi, mikono kifuani. Afande alishika kitufe. Kina hatua mbili: ukibonyeza nusu, anodi inazunguka, ukimalizia, umeme mkali unapiga. Nje, fundi wa vyuma alikuwa kazini tangu asubuhi, akichomelea dirisha la duka la vipodozi, cheche zikiruka.

Afande akabonyeza nusu. Taa ya kijani ikawaka.

"Piga!" nikasema.

Hakupiga.

"Afande, taa imewaka! Piga!"

"Afande, piga basi," akasema Sista.

Kidole gumba chake kilikuwa pale pale, nusu njia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Haijaimba," akasema.

Tukatega masikio. Kweli, chumba kilikuwa kimya. Upande wa pili wa ukuta tu ndipo kuliposikika mchomo wa vyuma: chrrr, chrrr. Nikamwambia aachie, nikatoka nikafungua kisanduku. Inveta ilikuwa inapepesa namba ya kosa: umeme mdogo. Kila fundi alipogusisha fimbo yake kwenye chuma, umeme wa majengo yote mawili ulizama, na inveta yangu, iliyozoea heshima, ikazimika. Anodi ilikuwa imelala fofofo. Na taa ya kijani ilikuwa imewaka kwa sababu ya kijiwaya kifupi, kizuri, kilichokaa sawasawa.

Kama Afande angenitii, tyubu ingetoboka pale pale. Hakuna tyubu nyingine. Ningekuwa nimeua mashine nzima kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mwenye mali, na kumrudisha mzee yule kaskazini akakae asubuhi na jioni.

Kicheko kilikuja, lakini kilikuja na machozi, nikageuka nikamwambia Sista yote kama yalivyo. Nilisahau waya. Mlinzi alikuwa amezibwa mdomo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimekuja na guu la mbuzi kabisa.

"Na wewe ndiye fundi?" akauliza Sista.

"Ndiye mimi."

"Taa ni taa tu," akasema Afande, akinitetea kwa namna yake. "Binti ametengeneza vizuri. Kazi ya kusikia ni yangu."

Nikaung'oa ule waya, nikautia mfukoni. Nikamwamsha mlinzi, nikamjaribu mara kumi: nyaya zikikosa umeme, taa inakataa, zikipata, inakubali. Ikabaki habari ya jirani. Dawa yake ni kifaa cha kutuliza umeme, na Jumamosi ile hatukuwa nacho. Afande akaenda dirishani, akaita kwa sauti ya gwaride:

"Fundi! Simamisha!"

Kichwa chenye miwani myeusi kikainuka upande wa pili. "Afande, siwezi kusimamisha. Sista mwenyewe alisema dirisha riishe reo."

Sote wawili tukamgeukia Sista. Alivitazama vyuma vya dirisha kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama Ramadhani nzima. Kisha akaenda dirishani, akamsogeza Afande kando, akasema kwa upole:

"Fundi, simamisha."

Cheche zikakoma. Afande akarudi mahali pake. Akabonyeza nusu. Safari hii niliisikia hata bila bisibisi: mbu, kisha uzi, kisha wimbo ulionyooka, na taa ikawaka kwa haki yake. Kidole kikamalizia. Tak. Breki ikakamata, kimya kikarudi, na kwenye kompyuta ukatokea mguu wa mbuzi, mweupe, mzuri kuliko harusi, na alama ya panga la muuza nyama kwenye mfupa.

"Imevunjika!" akapiga kelele Afande. "Tazama! Imevunjika hapa na hapa!"

Tulikumbatiana, mimi na Sista, ambaye hata sijui kama alikuwa amewahi kumkumbatia mtu mwenye mafuta ya mashine. Tulikuwa bado tunapepesuka wakati mwendesha boda aliyeanguka asubuhi alipotokea mlangoni, mkono umefungwa kwa leso. Alikuwa amekaa barazani akingoja karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa. Sista akamtazama, akaitazama mashine, akaandika karatasi nyingine.

Afande alimsimamisha kama mkuu wa majeshi anavyosimamisha askari. Kidevu juu. Bega hivi. Akarudi nyuma ya ukuta. "Vuta pumzi. Shika." Anodi ikaimba. Tak. "Pumua."

Picha ikatokea. Mfupa wa bega ulikuwa umekatika kama muwa.

"Umevunjika!" Afande akamtangazia, uso wote mwanga. "Umevunjika vizuri kabisa! Picha safi sana!"

"Mzee," akasema yule kijana kwa uchungu, "mbona wewe nafurahi hivyo?"

Hapo Sista alicheka kwa mara ya kwanza mbele yangu. Akamshika kijana mkono mzima, akampeleka kufungwa bega, na akiwa mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba Jumatatu atamwambia mpangaji atafute chumba kwingine.

Afande aliigeukia tena picha ya bega. Alikuwa bado amesimama pale fundi wa vyuma alipokuja barazani, miwani kwenye paji la uso, kuulizia dirisha lake litakwenda wapi. Akaambiwa litawekwa stoo. Akaridhika, lakini hakuondoka. Akanyoosha mkono wake wa kulia. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba na kupinda.

"Afande, tangu mwezi jana inaniuma. Ebu piga na hii."

Afande akakitazama kidole, kisha akamtazama mwenye kidole kutoka juu hadi chini.

"Iko na karatasi?"

"Afande! Mimi jirani yako!"

"Bila karatasi, hapana picha. Nenda kwa Sista, andikisha jina, kuja kaa kwa foleni."

Fundi akatazama benchi la barazani. Lilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho. Akaenda, akaandikishwa, akarudi na karatasi, akaketi peke yake katikati ya benchi. Afande akaufunga mlango. Ndani, mbele yangu, akanyoosha koti lake, akapangusa meza ambayo ilikuwa safi, akarudisha kiti mahali pake, akamwacha mtu angoje kidogo kama inavyopasa. Kisha akafungua mlango, akaita kwa sauti ya foleni inayofika mpaka barabara ya Bombo:

"Nani anafuata?"